Fumbo Lisilo na Mlengwa: Raha na Karaha za Taarab katika Tamasha la Uwanjani

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa nyimbo za taarab katika vyuo vyetu umekuwa, kwa kiasi kikubwa, uhakiki wa maneno yaliyoandikwa. Mwanafunzi hupata kanda, huyanakili maneno, huyapanga katika beti, kisha huanza kuhesabu mizani, kubainisha vina na kuzitafuta tamathali za usemi. Kazi hiyo ina faida yake, na hatukusudii kuibeza. Hata hivyo, inaliacha nje swali ambalo bila ya kulijibu hatuwezi kudai kuwa tumeuelewa wimbo. Je, uliimbwa wapi, mbele ya nani, na aliyeusikia alifanya nini?

Makala haya yananuia kulichunguza swali hilo katika muktadha mmoja mahsusi, yaani tamasha kubwa la muziki linalofanyika mahali pa wazi. Mfano tutakaouzingatia ni Sauti za Busara, tamasha lililofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2004, na ambalo kwa kawaida hukusanya umma wa watu Mji Mkongwe wa Zanzibar mwezi wa Februari. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, hapo ndipo taarab, sanaa iliyokulia kumbini na harusini, hupandishwa kwenye jukwaa moja na muziki wa Mali, Senegali, Afrika Kusini na kwingineko. Pili, hapo ndipo msikilizaji wa taarab hukutana na mtu ambaye amekuja kuisikiliza taarab bila ya kujua neno moja la Kiswahili.

Hoja yetu ni kwamba raha na karaha za kuhudhuria tamasha kama hili si mambo ya kando ambayo mhakiki anaweza kuwaachia waandishi wa magazeti. Ni sehemu ya utendaji, na kwa hivyo ni sehemu ya maana. Tunadai pia kwamba tamasha limeipa taarab mengi, lakini limeinyang'anya jambo moja kubwa ambalo ndilo uti wa mgongo wa ushairi wake, nalo ni mlengwa wa fumbo.

2.0 Hadhira katika Nadharia na katika Mila

Tangu Ruth Finnegan alipochapisha utafiti wake mkubwa kuhusu fasihi simulizi ya Kiafrika mwaka 1970, imekuwa kawaida kusema kwamba utungo simulizi haukamiliki mpaka utendwe. Isidore Okpewho naye, katika kitabu chake cha mwaka 1992, aliitilia nguvu kauli hiyo kwa kuonyesha jinsi hadhira inavyoingilia, kuhimiza na hata kuurekebisha utungo unapoendelea. Wanafunzi wetu huzikariri kauli hizi katika sura ya kwanza ya tasnifu zao, kisha katika sura ya nne hurejea kwenye maneno matupu. Nadharia inabaki mlangoni kama mgeni asiyekaribishwa ndani.

Mikhail Bakhtin, katika utafiti wake kuhusu Rabelais, alieleza kwamba kanivali ya zamani ya Ulaya haikuwa onyesho la kutazamwa. Haikuwa na mstari unaowatenga watendaji na watazamaji; kila mtu aliishi ndani yake. Penina Muhando Mlama, katika kitabu chake cha mwaka 1991 kuhusu sanaa za maonyesho na maendeleo, anaisisitiza hoja inayokaribiana na hiyo kwa misingi ya Kiafrika. Anaonyesha kwamba sanaa ya umma hudhoofika pale umma unapogeuzwa kuwa mtazamaji. Nchini Kenya tunao ushahidi ulio karibu zaidi. Mwaka 1977, wakazi wa Kamĩrĩĩthũ kule Limuru waliujenga ukumbi wa wazi kwa mikono yao wenyewe, na mazoezi ya mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ yakafanyika mbele ya macho ya wanakijiji, ambao walikosoa maneno na nyimbo. Serikali iliuzima mchezo huo mwaka uo huo, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Kilichoogopwa hapo hakikuwa maandishi peke yake. Kilikuwa ni mkusanyiko wa watu walioyatambua maneno kuwa ni yao.

Pwani ya Afrika Mashariki ina mila yake ndefu ya mikusanyiko ya aina hii. Katika Mwaka Kogwa wa Makunduchi, unaofanyika mwezi wa Julai, wanaume hupigana kwa magome ya migomba, wanawake huimba, na kibanda huchomwa moto. Hakuna tikiti wala jukwaa. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma ya Beni, alionyesha jinsi vyama vya ngoma vilivyoshindana kwa mavazi, gwaride na nyimbo za kejeli katika miji ya pwani, na kila upande ukijua vyema ni nani anayesemwa. Harusi za Mombasa nazo ziliwahi kuifunga mitaa mizima, mikeka ikatandikwa, na Juma Bhalo akaimba mpaka usiku mkubwa mbele ya majirani waliomjua yeye, wakamjua mtungaji, na mara nyingine wakamjua hata mtu aliyetungiwa wimbo.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba uwazi wa mahali si sawa na uwazi wa sanaa. Uwanja unaweza kukosa paa na bado ukawa umefungwa, na chumba chenye paa na milango kikawa wazi kwa sababu kila aliyemo ana haki ya kujibu. Tutahitaji kuikumbuka tofauti hii tunapoingia Ngomeni.

3.0 Ngome kama Jukwaa

Jukwaa kuu la Sauti za Busara kwa miaka mingi limekuwa ndani ya Ngome Kongwe, inayotazamana na bustani ya Forodhani. Ngome hiyo ilijengwa na Waarabu wa Omani mwishoni mwa karne ya 17, baada ya Wareno kuondolewa, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Katika karne ya 19 ilitumiwa kama gereza. Leo kuta zile zile zilizojengwa kumzuia adui asiingie na mfungwa asitoke zinawatenga waliolipa na wasiolipa.

Hatusemi hivyo kwa kejeli. Tamasha lina gharama: wanamuziki husafirishwa kutoka mbali, mitambo hukodiwa, mafundi hulipwa. Waandalizi wamejaribu kulitatua tatizo la kiingilio kwa kuwatoza Watanzania bei iliyo ndogo sana kuliko ile wanayotozwa wageni, na maandamano ya ufunguzi, yenye matarumbeta na ngoma, hupita njiani bure kwa kila mwenye macho. Hata hivyo, ufadhili ni jambo lisilotabirika. Mwaka 2016 tamasha halikufanyika kwa kukosa fedha, likarejea mwaka 2017.

Kwa mhakiki, suala la ufadhili si la uhasibu tu. Historia ya taarab ni historia ya wafadhili wake. Masimulizi yanayokubalika na wengi yanaeleza kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kati ya 1870 na 1888, ndiye aliyeleta muziki huu kutoka Misri kwa burudani ya kasri lake. Baadaye vilikuja vyama, kama Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, ambavyo vilijitegemea kwa michango ya wanachama. Zikaja siasa za ukombozi na za chama kimoja, na vikundi vikatunga kwa ajili ya sherehe za taifa. Sasa umekuja wakati wa tamasha, ambamo mfadhili ni mgeni mwenye tikiti na shirika lenye fungu la utamaduni. Kila mfadhili huja na sikio lake, na fanani, apende asipende, huimba kwa ajili ya sikio hilo.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu mahali hapa. Ngome haina paa, na ukuta unaoweza kuuzuia mwili hauwezi kuizuia sauti. Aliyeketi Forodhani akila mishkaki na urojo huipata taarab bila ya kuiona. Ndiyo kusema kuwa tamasha lina hadhira mbili, ya ndani na ya nje ya ukuta. Tutaona baadaye kwamba mgawanyiko huu una uzito wake katika hoja yetu.

4.0 Raha

Mhakiki asiyekiri raha ya sanaa anayoihakiki hafai kuaminiwa anapozitaja karaha zake. Raha ya kwanza ya tamasha hili ni muziki wenyewe kupigwa kwa mikono. Tangu miaka ya 1990, taarab ya kisasa iliyoenezwa na vikundi kama East African Melody ilizidi kuegemea vinanda vya umeme, na katika kumbi nyingi ala za asili zikapungua. Sauti za Busara imeshikilia kanuni kwamba kinachosikika jukwaani kipigwe papo hapo. Matokeo yake ni kwamba kijana anayetaka kulipanda jukwaa lile ana sababu ya kujifunza udi, nai au kanuni, ala yenye nyuzi zaidi ya sabini na inayodai miaka ya subira. Chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 2002, kimekuwa kikiwafunza vijana hao, na tamasha limekuwa mahali pa kuyaonyesha matunda.

Raha ya pili ni ya kuwaona wanawake wakizishika ala. Kwa muda mrefu mwanamke katika taarab ya vyama alikuwa mwimbaji, na ala zikawa mikononi mwa wanaume. Kikundi cha Tausi, kilichoasisiwa na Bi. Mariam Hamdani, kiliivunja desturi hiyo, na vijana kama Siti Amina, mwimbaji anayepiga udi katika Siti and the Band, wameifuata njia hiyo. Mtu anaweza kusoma tasnifu kumi kuhusu nafasi ya mwanamke katika taarab bila ya kulielewa jambo hili kama atakavyolielewa kwa kumtazama binti akiuegemeza udi kifuani mbele ya umma, na umma ukanyamaza kumsubiri apige uzi wa kwanza.

Raha ya tatu ilikuwa ni Bi. Kidude. Fatuma binti Baraka, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, alilipanda jukwaa la tamasha hili mara nyingi katika uzee wake, miaka ambayo pia ilimletea tuzo ya WOMEX mwaka 2005. Sauti yake ilikuwa na mikwaruzo ambayo mwalimu yeyote wa uimbaji angeisahihisha, na ndiyo iliyomfanya asifananishwe. Aliweza kuimba wimbo wa enzi za Siti binti Saad, kisha akajifunga ngoma ya msondo kiunoni na kuipiga kama aliyesahau umri wake. Hapakuwa na haja ya mfasiri kumwambia mtu kwamba alikuwa mbele ya kitu kikubwa.

Hatimaye kuna raha ya usiku wenyewe. Jua hutua nyuma ya Forodhani, upepo wa kaskazi hupunguza joto, kuta za mawe ya matumbawe hurejesha mwangwi wa dumbaki, na watu wasiojuana hucheza bega kwa bega. Raha hii si ya kudharauliwa. Neno lenyewe taarab limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kusisimka na kuchangamka kwa sababu ya muziki. Kwa hivyo aliyesisimka bila ya kuelewa maneno amepata sehemu halali ya kile ambacho jina linaahidi.

5.0 Karaha

Karaha za tamasha la uwanjani zinajulikana duniani kote. Agosti 1969, katika shamba moja la Bethel, jimbo la New York, watu zaidi ya laki nne waliolihudhuria tamasha la Woodstock walinyeshewa mvua na kukanyaga matope siku tatu, na ratiba ilivurugika kiasi kwamba Jimi Hendrix, ambaye wengi walikuwa wamemjia, alipiga gitaa lake Jumatatu asubuhi mbele ya masalia ya umati. Kinshasa mwezi wa Septemba 1974, tamasha lilitayarishwa liandamane na pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman aliumia, pambano likasogezwa mpaka tarehe 30 Oktoba, na muziki ukaendelea peke yake. Hata hivyo tamasha la Kinshasa lilikuwa na neema moja. Franco alipoimba kwa Kilingala, alikuwa mbele ya watu wa mji wake, na hakuhitaji kumfafanulia mtu jambo.

Tamasha la usiku nalo lina tabu zake za kawaida. Kuna foleni, kuna kusimama saa nyingi, kuna mrefu anayesimama mbele ya mfupi. Siku hizi kuna pia msitu wa simu zilizoinuliwa juu, kila mmoja akiurekodi wimbo ambao hausikilizi. Tabu hizi zinavumilika, na tutazipita haraka.

Tabu inayomgusa mhakiki ni ya sauti na ya muda. Udi ni ala ya chumbani. Uzuri wake umo katika minong'ono, katika kidole kinachoteleza kati ya noti mbili. Unapopitishwa kwenye vipaza sauti vilivyopangwa kwa ajili ya gitaa la umeme na ngoma kubwa, hubakia mifupa tu. Kwa upande wa muda, wimbo wa taarab ya kale hauna haraka. Mara nyingi usiku hufunguliwa kwa bashrafu, yaani kipande cha ala tupu kinachoyaandaa masikio. Kisha ubeti, kisha ala, kisha ubeti, na kiitikio kikirudi kama wimbi. Wimbo mmoja unaweza kuchukua robo saa. Tamasha linalowakaribisha wasanii wengi kwa usiku mmoja haliwezi kukipa kikundi kimoja zaidi ya saa moja au pungufu yake. Kikundi hulazimika kuchagua: kikate bashrafu, kipunguze beti, au kiimbe nyimbo tatu na kushuka. Aghalabu kinachokatwa ni beti, kwa kuwa umati hauwezi kutambua kilichokosekana.

Tuutazame ubeti huo uliokatwa. Katika utunzi wa kimafumbo, beti za mwanzo huijenga taswira, tuseme ya mti, ndege au chombo baharini, na beti za mwisho ndizo humfungulia msikilizaji mlango wa kuuingilia. Kuukata ubeti wa mwisho ni kumwacha msikilizaji na ndege tu. Ndege huyo atakuwa mzuri, na atakuwa na manyoya ya kupendeza, lakini hatakuwa na ujumbe mdomoni.

6.0 Fumbo Linapokosa Mlengwa

Hapa ndipo palipo na uzito wa makala haya. Kelly Askew, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2002 kuhusu muziki na siasa za Tanzania, ameieleza kwa kina desturi ya kutunza. Msikilizaji, aghalabu mwanamke, huinuka mahali pake maneno yanapomgusa, huenda mbele kwa mwendo wa madaha, na kumpa mwimbaji pesa. Kwa mtazamaji mgeni, hiyo ni bahasha ya shukrani. Kwa mwenyeji, hiyo ni sentensi. Anayetunza kwenye ubeti fulani amesema: maneno haya ni yangu. Akitazama upande fulani wa ukumbi, au akinyoosha mkono kwa namna fulani, amesema zaidi: maneno haya ni yangu, na yule pale anajua ni ya nani.

Kwa hivyo wimbo wa taarab una watunzi zaidi ya mmoja. Yupo aliyeyaandika maneno, kama Ahmad Nassir, Malenga wa Mvita, alivyomwandikia nduguye Juma Bhalo. Yupo anayeimba. Na yupo anayetunza, ambaye huchukua fumbo lililotungwa kwa ajili ya mtu asiyetajwa na kulipa anwani usiku ule ule. Fumbo ni kama barua isiyoandikwa jina juu yake. Mtunzaji ndiye anayeliandika jina. Wimbo ule ule huweza kuwa wa wivu harusini leo, wa siasa kesho, na wa ugomvi wa jirani wiki ijayo. Mhakiki anayeyachambua maneno peke yake hawezi kuziona maana hizi, kwa kuwa hazimo katika maneno.

Katika tamasha, barua hubaki bila jina. Jukwaa limeinuliwa, uzio umewekwa, taa zimewamulika waimbaji na kuwatia giza wasikilizaji. Mwenye kutaka kutunza ana safari ndefu, na hata akifika, aliyekusudiwa hayupo uwanjani, au yupo miongoni mwa maelfu na hawezi kumwona. Isitoshe, jirani yake wa kulia ametoka Berlin na wa kushoto ametoka Johannesburg. Fumbo, ambalo nguvu yake hutokana na kueleweka na baadhi na kutoeleweka na wengine waliomo katika jamii moja, sasa halieleweki kwa sababu ya lugha tu. Kutoelewa kwa aina ya kwanza kuna maana, kwani ndiko kunakoilinda heshima ya msemaji na ya msemwa. Kutoelewa kwa aina ya pili hakumlindi mtu yeyote.

Mfano wa unyago unalifafanua jambo hili zaidi. Nyimbo za unyago ni mafunzo ya wanawake kwa wasichana wanaovunja ungo, na hutolewa faraghani. Bi. Kidude alipoileta ngoma hiyo jukwaani, alikuwa akiifanya siri kuwa sherehe. Wapo wanawake wa Zanzibar waliolitazama jambo hilo kwa fahari, na wapo waliolitazama kwa haya. Wote wawili walikuwa wakiusoma utendaji kwa usahihi, kwa sababu walijua ni mlango gani uliofunguliwa. Mgeni aliyeshangilia ngoma alishangilia pia, bila ya kujua, ufunguzi wa mlango ambao hakuwahi kuambiwa kuwa ulikuwa umefungwa.

Turudi sasa kwa yule aliyeketi nje ya ukuta. Anaisikia sauti, anaielewa lugha, na pengine anamjua anayesemwa. Ana kila kitu isipokuwa njia ya kumfikia mwimbaji. Aliye ndani ana njia, lakini mara nyingi hana lugha. Tungetaka kuitia chumvi hoja yetu tungesema kwamba ukuta wa Ngome umeikata taarab vipande viwili, maana ikabaki Forodhani na sauti ikabaki ndani. Lakini hiyo ingekuwa ni kuwadhulumu Wazanzibari wengi wanaolipa kiingilio chao na kuimba kiitikio kwa sauti kubwa kuliko vipaza sauti. Tuseme tu kwamba ukuta umeifanya iwe vigumu kwa vipande hivyo viwili kukutana.

7.0 Pingamizi Moja

Msomaji makini anaweza kutupinga hivi: taarab ilianza kwa kuimbwa Kiarabu mbele ya watu ambao wengi wao hawakukifahamu Kiarabu, na bado ikapendwa. Kwa nini basi tuulilie uelewa?

Pingamizi hili lina nguvu, na jibu lake limo katika historia ile ile. Taarab ya kasri na ya vyama vya mwanzo iliimbwa kwa Kiarabu. Aliyeigeuza kuwa sauti ya umma ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyeimba kwa Kiswahili na ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi sahani za santuri. Shaaban Robert hakumwandikia Siti wasifu kwa sababu ya uzuri wa sauti tu. Aliona kwamba mwanamke aliyetoka katika umaskini alikuwa ameichukua sanaa ya wakubwa na kuipa ulimi wa wadogo. Tangu Siti, mtu wa Ng'ambo aliweza kusikia kesi ya mahakamani, dhuluma ya tajiri na kisa cha mtaani kikiimbwa kwa lugha yake, na akajua kicheke nani.

Kwa mintarafu hii, hatari ya tamasha si kwamba linaipeleka taarab mahali pageni. Hatari ni kwamba linaweza kuirudisha mahali ilipokuwa kabla ya Siti, ikawa muziki mtamu wa kusikilizwa na watu wenye uwezo ambao hawajui unasema nini. Kasri limebadilika na wageni wake wamebadilika, lakini uhusiano wa sikio na neno ungekuwa ule ule. Hilo ndilo tunalolihofia, na si ugeni wala umeme.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba tamasha la uwanjani lina raha za kweli, ambazo mhakiki hapaswi kuzionea haya: ala zimefufuka, wanawake wamezishika, na wazee kama Bi. Kidude walipata heshima wakiwa hai, jambo lisilo la kawaida kwa wasanii wetu. Aidha, tumeonyesha kwamba karaha yake kubwa si foleni wala joto, bali ni kutoweka kwa mlengwa, na pamoja naye kutoweka kwa kutunza kama tendo la utunzi.

Haidhuru tukipendekeza machache. Mshereheshaji angeweza kulieleza fumbo kwa sentensi mbili kabla ya wimbo kuanza, bila ya kulifumbua lote. Usiku mmoja, au hata nusu yake, ungeweza kuachiwa kikundi kimoja cha taarab kiimbe kwa mwendo wake, bashrafu na beti zote. Njia ya kutunza ingeweza kuachwa wazi mbele ya jukwaa, ili anayetaka kusema aseme. Hakuna pendekezo hata moja hapa linalohitaji fedha nyingi.

Kwa upande wetu wasomi, wajibu ni mkubwa zaidi. Mwanafunzi anayeandika tasnifu kuhusu taarab na apelekwe harusini, ukumbini na tamashani, wimbo ule ule aufuate katika mahali pote patatu, na aandike nani aliinuka, kwenye ubeti gani, na akatazama upande upi. Waliokuwa wakiinuka katika kumbi za Mombasa na Unguja miaka ya 1960 na 1970 wanazidi kupungua. Juma Bhalo alifariki mwaka 2014, na wengi wa waliomtunza wamemtangulia au wamemfuata. Maneno ya nyimbo zao tunayo katika kanda. Majina yaliyoandikwa juu ya barua zile wanayo wazee wachache waliobaki, na hakuna kanda iliyoyarekodi.